KUUNDA NA KUPAKA RANGI MFANO WA MERIKEBU YA VITA "VASA"

Somo la kazi ya mikono kwa vijana na watu wazima

Wako watu wadhanio ya kuwa kuchonga mfano wa merikebu ni mchezo wa watoto tu, na ya kwamba mtu mzima aishikaye kazi hiyo anapoteza mchana wake bure. Fikira hiyo si sawa. Mtu akiunda mfano kwa uangalifu, kwa kipimo kilicho kamili, hujifunza hesabu, useremala, historia na subira, yote kwa pamoja. Na mara nyingine huyaona kwa macho yake makosa ambayo mabwana wa zamani hawakuyaona, au waliyaona wakanyamaza.

Somo letu lahusu merikebu moja ya vita ya nchi ya Uswidi, iitwayo Vasa. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapana merikebu nyingine ya karne ya 17 duniani iliyohifadhika vizuri kama hii. Kwa hiyo mwenye kuunda mfano wake hana haja ya kubahatisha umbo lake. Pili, merikebu hii ilizama siku ile ile ya safari yake ya kwanza, wala haikuzamishwa na adui wala na tufani. Ilizama kwa sababu ya umbo lake yenyewe na uzito wake. Kila hatua ya kuunda mfano wa Vasa humfundisha fundi jambo ambalo watu walilipa kwa roho zao.

HABARI ZA MERIKEBU YENYEWE

Mwaka 1625 Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi alipatana na fundi mkuu Henrik Hybertsson, mtu wa asili ya Uholanzi, amwundie merikebu kadhaa, na Vasa ikawa mojawapo. Kazi ya kuiunda ilianza mwaka 1626 katika mji wa Stockholm. Fundi Hybertsson aliugua kazi ikiwa katikati, akafa mwaka 1627, na merikebu ikamalizwa na fundi mwingine, Hein Jacobsson. Wakati huo mfalme alikuwa mbali, akipigana vita na Polandi, naye alipeleka barua akihimiza merikebu itoke upesi.

Kabla ya safari, Makamu wa Mkuu wa Merikebu za Vita, Klas Fleming, alihudhuria jaribio. Watu 30 waliamriwa kukimbia kwa pamoja kutoka ubavu huu wa sitaha mpaka ubavu wa pili, kisha warudi. Walipokwisha kukimbia mara tatu, merikebu iliyumba hata jaribio likakomeshwa, kwa maana ilihofiwa kuwa itapinduka pale pale gatini. Hata hivyo safari haikuzuiwa. Mfalme aliitaka merikebu, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kuvikubali vipimo vyake. Ni nani angalimwandikia habari kama hiyo?

Siku ya Jumapili, tarehe 10 Agosti 1628, Vasa iling'oa nanga mbele ya watu wengi waliokuja kuitazama. Kati ya waliokuwa ndani walikuwamo wanawake na watoto, jamaa za mabaharia, walioruhusiwa kusindikiza kwa mwendo mfupi. Matanga manne tu yalitandazwa, na upepo ulikuwa mdogo. Mkumbo mmoja wa upepo uliilaza merikebu, ikainuka. Mkumbo wa pili uliilaza zaidi, na maji yakaingia kwa matundu ya mizinga ya chini, ambayo yalikuwa wazi. Merikebu ilikuwa imekwenda mita 1,300 tu. Ilizama mahali penye kina cha mita 32, karibu kabisa na nchi kavu, na watu wapatao 30 walikufa.

Baraza lilifanywa ili mwenye kosa ajulikane. Nahodha, mafundi na maofisa waliulizwa maswali, na kila mmoja alieleza kuwa alifanya kama alivyoagizwa. Mwishowe hakuna aliyeadhibiwa.

Mizinga zaidi ya 50 iliopolewa kati ya mwaka 1663 na 1665 na wapiga mbizi waliotumia kengele kubwa ya kuzamia yenye hewa ndani yake. Baada ya hapo mahali palisahauliwa, mpaka Bwana Anders Franzén alipopagundua mwaka 1956. Tarehe 24 Aprili 1961 Vasa iliinuliwa juu ya maji, baada ya kukaa chini karibu miaka 333. Wasomaji wa pwani watashangaa, maana wanajua jinsi mdudu wa baharini anavyotoboa mbao za chombo kisichopakwa deheni. Lakini maji ya Bahari ya Baltiki yana chumvi kidogo, na mdudu huyo hawezi kuishi humo; ndiyo sababu mbao zilibaki. Leo merikebu imo ndani ya nyumba yake ya makumbusho mjini Stockholm, iliyofunguliwa mwaka 1990.

VIPIMO

Yafaa mfano wetu uwe na kipimo cha moja kwa mia. Yaani kila mita moja ya merikebu iwe sentimeta moja ya mfano. Kipimo hiki kina faida kubwa: hesabu zake ni nyepesi hata kwa mtoto wa shule. Vipimo vilivyo vya lazima ni hivi:

Urefu wote, pamoja na mlingoti wa maji uliolala mbele: mita 69. Mfano: sentimeta 69.

Urefu wa mwili karibu na usawa wa maji, bila ncha iliyotokeza mbele: mita 47.5. Mfano: sentimeta 47.5.

Upana: mita 11.7. Mfano: sentimeta 11.7.

Kina cha sehemu iliyozama ndani ya maji: mita 4.8. Mfano: sentimeta 4.8.

Kimo cha tezi: mita 19.3. Mfano: sentimeta 19.3.

Kimo cha mlingoti mkubwa kutoka mkuku mpaka ncha: mita 52.5. Mfano: sentimeta 52.5.

Sasa twaja kwenye jambo linalowakosesha wengi. Uzito wa merikebu pamoja na vyote vilivyomo ulikuwa tani 1,210. Je, mfano wetu uwe na uzito gani? Mtu asiyefikiri atagawanya kwa 100, na jibu lake litakuwa tani 12; uzito huo hauwezi kubebwa na mfano unaokaa juu ya meza. Kumbuka ya kuwa tumepunguza urefu mara 100, upana mara 100, na kimo mara 100. Zidisha 100 kwa 100 kwa 100, utapata 1,000,000. Basi uzito hugawanywa kwa milioni moja, na mfano wetu lazima uwe na uzito wa kilo 1 na gramu 210. Andika hesabu hii ukutani mwa karakana yako, maana tutairudia.

MBAO NA VYOMBO VYA KAZI

Vasa ilitumia miti ya mwaloni ipatayo elfu moja. Sisi hatuhitaji mwaloni. Ubao mwepesi, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo, kama vile saipresi au msonobari, watosha kabisa. Yafaa uwe umekauka vizuri, kwa sababu ubao mbichi hupinda baadaye na kuachana na gundi. Vipande vinavyotupwa katika karakana za maseremala vitakutosha, nawe utavipata kwa bei ndogo au bure.

Vyombo vya kazi ni hivi: msumeno mdogo, randa, patasi mbili, kisu chenye makali, tupa, keekee au drili ndogo, karatasi za msasa za namna tatu, gundi ya mbao isiyoyeyuka majini, penseli, kadibodi, na rula. Tumesema rula, wala hatukusema rula mbili. Sababu yake utaiona sasa hivi.

KUUNDA MWILI

Kwanza pata mchoro wa merikebu unaoionyesha kwa ubavuni, kwa juu, na kwa mbele. Mtu aanzaye kazi bila mchoro ni kama msafiri aingiaye nyikani bila kuuliza njia. Ukubwa wa mchoro uwe ule ule wa mfano, ili uweze kupima juu yake moja kwa moja.

Njia iliyo rahisi kwa mwanafunzi ni kuunda mwili kwa mbao za unene wa sentimeta moja zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka lina umbo lake: la chini ni jembamba na fupi, na jinsi unavyopanda ndivyo yanavyozidi kupanuka.

Piga mstari wa katikati juu ya kila ubao, kutoka omo mpaka tezi. Kisha kata kigezo cha kadibodi cha nusu moja tu ya tabaka. Kilaze juu ya ubao, makali yake yaguse mstari wa katikati, uchore. Baada ya hapo kigeuze kigezo kile kile, uchore upande wa pili. Usikate kigezo kingine kwa upande wa pili, wala usichore kwa kukisia. Ukifanya hivyo pande mbili hazitalingana.

Hili si jambo dogo. Wataalamu walipoipima Vasa waliona ya kuwa pande zake mbili hazikulingana. Upande wa kushoto ulikuwa umeundwa kwa mbao nzito kuliko upande wa kulia. Tena ndani yake zilikutwa rula nne za mafundi. Mbili zilikuwa za futi ya Uswidi, yenye inchi 12. Mbili zilikuwa za futi ya Amsterdam, ambayo ilikuwa fupi kidogo, nayo iligawanywa kwa inchi 11. Basi fundi mmoja akisema "inchi kumi" na mwenziwe akijibu "inchi kumi", kila mmoja alikuwa akisema kweli, na hata hivyo mbao zao hazikuwa sawa. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nasi twaongeza ya kuwa vipimo vingi ni vivyo hivyo. Chagua rula moja, uitumie tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Mbao zikiisha kukatwa, zitoboe katikati ili mwili uwe na uwazi ndani, ukiacha ukuta wa sentimeta moja pande zote. Tabaka la chini kabisa usilitoboe. Kisha pakaza gundi nyembamba, panga matabaka huku mistari ya katikati ikifuatana, na uyabane. Asiye na jiliwa afunge kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, maana hubana sana na haviumizi ubao. Acha siku nzima bila kugusa.

Baada ya gundi kukauka mwili utaonekana kama ngazi. Ondoa pembe za ngazi hiyo kwa patasi na randa, polepole, kutoka katikati kuelekea omo, kisha kutoka katikati kuelekea tezi. Kata vigezo vya kadibodi vyenye umbo la mataruma, uvipachike ubavuni mara kwa mara. Mahali pasipogusana na kigezo bado pana kazi. Pima kulia, kisha pima kushoto papo hapo, kabla ya kuendelea mbele. Angalia ya kuwa ubavu wa juu hauendi wima, bali huinamia ndani kidogo. Na tezi ya Vasa huinuka juu sana kama ukuta wa ghorofa. Sehemu hiyo ya tezi iundwe mbali kwa mbao nyembamba, ipachikwe mwisho.

Piga mkuku chini kwa kipande kirefu cha ubao mgumu. Weka alama za matundu ya mizinga, safu mbili kila upande, ukifuata mchoro. Usitoboe mpaka ndani. Chimba kidogo tu kwa ncha ya patasi. Mwisho paka mwili wote mafuta ya kitani au vanishi mara mbili ili ubao usinywe maji. Sitaha ya juu ikae mahali pake, lakini usiitie gundi bado.

MILINGOTI

Vasa ilikuwa na milingoti mitatu iliyosimama: wa mbele, mkubwa wa kati, na wa galme; tena mlingoti wa maji uliolala mbele ya omo. Usijaribu kuuzungusha mlingoti tangu mwanzo. Kata kwanza kijiti cha pembe nne kilichonyooka. Kipunguze kwa randa kuelekea nchani, kikiwa bado na pembe nne. Kisha ondoa pembe hizo kipate pembe nane. Mwisho kizungushe kwa msasa mpaka kiwe mviringo. Mlingoti uliofanywa hivi hautakuwa na mgongo wala tumbo. Foromali nazo hufanywa vivyo hivyo, ila hizo hupungua kuelekea ncha zote mbili.

Simamisha milingoti katika matundu yake bila gundi, uitazame kwa mbele na kwa nyuma. Yote ilingane na mstari wa katikati.

FARUMI NA MAJARIBIO

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Weka juu ya mizani ya duka kila kitu kitakachokuwa katika mfano: mwili, sitaha, milingoti, mizinga, uzi na vitambaa. Kipungukacho kufikia kilo 1 na gramu 210 ndicho nafasi uliyo nayo ya kutia farumi, yaani uzito utiwao chini ya chombo ili kisimame. Wenye majahazi huijua kazi ya farumi. Jahazi lisilo na shehena halitoki bandarini bila mawe au mchanga tumboni. Vasa ilikuwa na mawe yapatayo tani 120. Kwa mfano wetu hiyo ni gramu 120, nawe waweza kutumia changarawe iliyofungwa katika kifuko cha kitambaa. Ikiwa uzito bado umepunguka, jazia kwa changarawe nyingine. Na kama mwili wenyewe ni mzito mno, punguza ubao kwa ndani.

Jaza maji katika karai pana au pipa, utie mfano wako, ufanye majaribio manne.

Jaribio la kwanza. Weka farumi yote chini kabisa, katikati. Sukuma ncha ya mlingoti mkubwa kwa kidole, polepole, kisha uachilie. Mfano utainama na kuinuka tena.

Jaribio la pili. Toa gramu 120 chini, uziweke juu ya sitaha ya juu. Uzito wa mfano haukubadilika hata kidogo, wala maji hayakupanda ubavuni. Lakini ukisukuma mlingoti sasa, utaona chombo kinachelewa kuinuka, au hakiinuki kabisa. Hilo ndilo lililoipata Vasa. Mwili wake wa juu ulikuwa mzito mno kwa tumbo lake lililo chini ya maji. Sitaha zake ziliundwa kwa mbao nene, na juu yake ilisimama mizinga 64, na 48 kati ya hiyo ilikuwa mizinga mikubwa yenye uzito wa zaidi ya tani moja kila mmoja. Tazama pia wakati tundu la chini la mzinga linapogusa maji. Hapo ndipo Vasa ilipokufa.

Jaribio la tatu. Rudisha farumi chini, kisha ongeza gramu 100 zaidi. Wako watakaouliza, kwa nini hawakuongeza mawe tu? Mfano utakujibu. Chombo kitazama zaidi, kama milimeta mbili au tatu, na matundu ya mizinga yatasogea karibu na maji. Kwa merikebu yenyewe hiyo ni sawa na robo ya mita. Kosa lililoundwa ndani ya mwili haliondolewi kwa kutia mawe.

Jaribio la nne. Ondoa nyongeza ile. Watu 30, tukikadiria kilo 60 kila mmoja, wana uzito wa tani 1.8, kwa mfano wetu ni gramu 1.8, yaani kama punje sita za mahindi makavu. Ziweke punje sita ukingoni mwa sitaha, kisha uzihamishe ukingo wa pili. Chombo kilicho imara hakizijali punje sita. Vasa ilizijali, na watu waliona.

Twapaswa kusema ya kuwa mfano huu hauwezi kuiga kila jambo la merikebu, kwa maana mbao zetu hazikupangwa kama zake ndani. Lakini kanuni ni moja. Kilicho chini hubeba kilicho juu, na palipopimwa vibaya chini hapafichiki kwa mapambo ya juu.

Majaribio yakiisha, kausha mfano siku mbili kivulini. Gundisha farumi mahali pake, kisha sitaha.

RANGI

Kwa muda mrefu watu walidhani ya kuwa tezi na mapambo ya Vasa yalipakwa rangi ya samawati na kutiwa dhahabu, na mifano mingi ya zamani ilipakwa hivyo. Lakini wataalamu walichunguza chembechembe za rangi zilizobaki katika nyuzi za mbao, wakachukua sampuli nyingi sana, na tangu miaka ya 1990 imejulikana ya kuwa sehemu za juu zilikuwa nyekundu, na sanamu zilipakwa rangi za namna nyingi zenye kung'aa: nyeupe, manjano, kijani, samawati, na rangi ya mwili wa mtu. Dhahabu ilitiwa mahali pachache tu. Basi aliyepaka samawati hakuwa mwongo. Alifuata yaliyojulikana wakati wake. Lakini sisi tunaojua hatuna udhuru.

Fuata utaratibu huu. Sugua mwili kwa msasa laini, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Sehemu ya chini na ubavu wenye mizinga viache na rangi ya ubao, ukivipaka mafuta yenye rangi ya kahawia. Sehemu za juu za ubavu, na ukuta wote wa tezi, vipake kwanza rangi nyeupe isiyong'aa, ikauke siku moja, kisha nyekundu mara mbili. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwani rangi nene hufunika nakshi na hutiririka.

Vasa ilikuwa na sanamu na mapambo yapatayo 700. Hapana atakayekulazimisha kuyachonga yote. Chagua yaliyo makubwa: simba wa omo, ambaye urefu wake ni zaidi ya mita tatu na kwa mfano wetu ni sentimeta tatu, ngao ya ufalme iliyoko tezini, na sura za simba zilizochongwa upande wa ndani wa vifuniko vya matundu ya mizinga, zilizotokea vifuniko vilipofunguliwa. Simba wa omo achongwe kwa ubao mgumu. Mapambo madogo waweza kuyafinyanga kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukayachonga kwa sindano kabla hayajakauka. Yapake rangi kabla ya kuyabandika, maana brashi haifiki kila pembe.

Jihadhari na jambo moja. Rangi za zama zile zilikuwa na risasi, na nyekundu nyingine ilikuwa na zebaki, nazo ni sumu. Nunua rangi isiyo na risasi, fanya kazi mahali penye hewa, na unawe mikono kabla ya kula.

KAMBA NA MATANGA

Kamba zilizoshikilia milingoti zifanywe kwa uzi mweusi au wa kahawia, na zile za kuvuta matanga kwa uzi mweupe uliofifia. Pitisha kila uzi juu ya nta ya nyuki, ili nywele zake zilale na usilegee. Anza na kamba za mlingoti wa mbele, uende nyuma. Funga wa kulia na wa kushoto kwa zamu, kwani ukimaliza upande mmoja wote mlingoti utavutika.

Vasa ilikuwa na matanga kumi. Manne yalikuwa yametandazwa siku ile: tanga kubwa la mlingoti wa mbele na lile la juu yake, tanga la juu la mlingoti mkubwa, na tanga la galme. Mengine sita yalikutwa yamekunjwa katika chumba chake baada ya miaka mia tatu na zaidi. Ukitaka kuionyesha merikebu kama ilivyokuwa saa yake ya mwisho, shona manne tu. Tumia bafta nyembamba, uichovye katika maji ya chai hafifu ili weupe wake upungue.

MWISHO

Kazi hii yaweza kuchukua miezi mitatu au minne kwa mtu afanyaye jioni tu. Asiharakishe. Vasa iliharakishwa, na aliyeiharakisha hakuwapo kuiona ikizama. Mfano wako utakapokuwa tayari juu ya meza, watu watausifu kwa wekundu wa tezi yake na simba wa omo yake. Wewe utajua ya kuwa jambo kubwa zaidi halionekani: farumi iliyo chini, na mstari wa katikati uliofunikwa na gundi.

Na siku moja, ikiwa wewe ni fundi, au karani, au mzee wa kamati, ukaona watu wanajenga daraja, au shule, au chombo, na punje sita za mahindi zatosha kukiyumbisha, usinyamaze kwa kumwogopa mkubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini uzito wa mfano haugawanywi kwa 100?

2. Eleza hatari ya mafundi wawili kutumia rula za namna mbili katika kazi moja.

3. Farumi ikiongezwa, chombo hupata faida gani, na matundu ya mizinga hupata hatari gani?

4. Mzinga mmoja una uzito wa tani moja na robo. Katika mfano wa moja kwa mia, uwe na uzito gani?